Jumamosi za Mchanga na Maji

Nyumba yangu ya Chilangala ina bati pande mbili. Upande wa magharibi una gata, na gata hilo linapeleka maji kwenye tangi la saruji nililolijenga kwa mikono yangu. Upande wa mashariki hauna kitu. Mvua ikinyesha, maji yanadondoka mchangani na kupotea. Watoto wangu, ambao wote wamesoma kunizidi, kila masika wananiuliza kwa nini. Nawaambia uacheni ulivyo. Mwaka jana mmoja alikuja na fundi, gata jipya limefungwa juu ya bodaboda. Fundi nilimpa chai, nikamrudisha na gata lake.

Sasa nimekaa niandike, ili nisiulizwe tena.

Mimi niliishia darasa la pili, kwetu Lisekese. Kusoma ninasoma, kuandika ninaandika, na hesabu hakuna mtu aliyewahi kunipiga chenga. Nilioa huku juu Newala, na kwa desturi nikahamia ukweni, Mmakua mmoja katikati ya Wamakonde, sina shamba, nina baiskeli. Hiyo baiskeli ndiyo iliyonijenga. Mashemeji walikuwa wakinicheka kwamba dada yao ameolewa na magurudumu mawili. Niliwaacha wacheke. Kiu ilipowabana walikuja kuniamkia asubuhi.

Maana huku juu maji hakuna. Mgeni akifika anaona mikorosho imestawi, mihogo imestawi, mvua inanyesha ya kutosha, anauliza maji yako wapi. Yako bondeni. Uwanda wote huu ni mchanga, na maji yanatoka chini kabisa ya mteremko, kwenye chemchemi. Zamani wanawake waliteremka kabla jua halijapanda na kurudi jua likiwa kali, ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Ndipo serikali ikaweka mashine ya kusukuma maji kuja juu, tukapumzika. Halafu ikafika miaka ya ruksa. Maduka yalijaa tena: sabuni, kanga, mitumba, ndoo za plastiki za kila rangi. Wanunuzi wa korosho walikuja na malori yao na mizani yao. Lakini mashine ya maji ililala. Leo dizeli hakuna, kesho kipuri hakuna, keshokutwa tunaambiwa wananchi tuchangie. Mabomba yalikauka mpaka mijusi ikahamia ndani. Ndoo mpya zilikuwepo, cha kutia ndani hakuna. Mimi nikafunga madumu kwenye baiskeli nikaanza kupandisha maji, na kwa kazi hiyo nikawalisha wanangu na nikanunua bati la nyumba hii. Sikumwomba mtu.

Katika miaka hiyo alikuja mwalimu mmoja mstaafu, mzaliwa wa Lulindi. Alikuwa amefundisha sayansi sekondari za mbali, akaoa ukoo wa huku, akarudi kulima. Kulima hakukuweza. Mihogo yake ilikuwa myembamba kama fimbo. Ila kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kiangazi chote, aliweka meza kwenye uwanja wa mpira karibu na soko na kuwaita watu waje kuangalia vitu. Jumamosi aliichagua kwa akili. Ijumaa ni ya wenye msikiti, Jumapili ni ya wenye kanisa, na yeye aliwataka wote, baba, mama, bibi na watoto. Kiingilio hakikuwepo. Mtu akiuliza anapata faida gani, alijibu, "Napata watu wa kuongea nao."

Mara ya kwanza alileta hadubini, akaweka ua la mkorosho lenye ubwiri unga, ule ugonjwa mweupe tuliokuwa tukiupulizia salfa. Tulipanga foleni kama ya sukari enzi za uhaba. Mimi nilichungulia nikaona kope zangu. Mke wangu alichungulia, akakaa, akakaa, mpaka wa nyuma wakaanza kunung'unika.

"Mama, na wengine nao wana macho," mmoja akasema.

Akainuka taratibu. "Kumbe ni msitu," akasema. "Huu unga una miti yake."

Kuanzia siku hiyo hakukosa. Mara nyingine mwalimu alileta pafu la mbuzi kutoka buchani, akalijaza upepo kwa pampu ya baiskeli yangu. Lilivimba kubwa, la pinki, watoto wakarudi nyuma. Pampu ikanuka wiki nzima. Nilipolalamika nyumbani mke wangu akasema, "Pampu yako imefanya kazi ya Mungu, wewe unalilia harufu."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakukaa darasani hata siku moja, lakini kila kitu alitaka kujua kinatoka wapi na kinakwenda wapi. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imeharibika. Alibeba maji tangu msichana, na baada ya kumzaa mtoto wetu wa mwisho hakuteremka tena bondeni. Alitembea kwa fimbo. Kwenye Jumamosi hizo nilimwekea kiti mbele, na aliyekikalia kwa makosa aliinuka mwenyewe.

Jumamosi ninayoitaka mimi ni ya pipa.

Mwalimu alinituma nimletee maji, madumu yote ambayo baiskeli ingeweza kubeba. Nikapeleka. Nilimkuta ana pipa la mafuta lililokatwa juu. Chini ameshindilia udongo wa mfinyanzi, juu yake amejaza mchanga wetu huu mwekundu mpaka karibu na mdomo. Ubavuni, juu kidogo ya ule mfinyanzi, ametoboa tundu akachomeka kipande cha mpira. Watu walikuwa wengi, maana ilikuwa kabla korosho hazijaanza kudondoka na kazi ni chache. Akasema, "Leo tutaona kwa nini mna mvua na hamna maji." Akanyanyua dumu, akaanza kumimina juu ya mchanga.

Hapo hapo mkutano ukasimama.

Inabidi uelewe. Huku kwetu maji hayamwagwi chini mbele ya watu. Maji ya kunawa mgeni yananyweshwa mbuzi. Maji ya kuoshea mboga yanakwenda kwenye mche. Mtoto akiangusha kata anapigwa kabla hajaeleza. Na huyu mtu, mwenye miwani, anamwagia mchanga maji yaliyopandishwa mteremko mzima, huku anatabasamu.

Mama mmoja mnene, muuza ming'oko, vile viazi vya porini, alimshika mkono. "Mwalimu, umelewa?"

"Sijalewa, mama. Subiri, yatatoka."

"Yatatoka wapi? Mimi tangu nizaliwe nayaona yakiingia humo. Sijayaona yakitoka."

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akanigeukia mimi. "Shemeji, na wewe unatazama tu? Jasho lako hilo linanywewa na pipa."

"Nimeshalipwa jasho langu," nikamwambia. "Sasa jasho ni la mwalimu."

Watu wakacheka, lakini yule mama hakuachia mkono. Ndipo mke wangu akasema kutoka kwenye kiti chake, "Mwachieni. Nataka nione." Akamwomba binti mmoja bakuli, akakivuta kiti mpaka kwenye tundu, akakinga bakuli chini ya mpira. Wanawake wengine walipoona hivyo wakaenda mbio majumbani wakarudi na sufuria, ndoo na vibuyu, wakapanga mstari nyuma yake. Mwalimu alikuwa ametaka kutufundisha jambo la ardhi, akajikuta ana foleni ya bomba.

Akamimina dumu la pili, na la tatu. Mchanga ulinywa wote. Tukasubiri. Wenye kwenda sokoni wakaenda wakarudi. Adhana ya adhuhuri ikaita, waliokwenda kuswali wakaswali, wakaja wakauliza, "Bado?" Bado. Mke wangu hakuinuka. Nilimletea muhogo wa kuchoma akala kwa mkono mmoja, mwingine umeshika bakuli.

Likaja tone. Likaning'inia kwenye mdomo wa mpira, likadondoka kwenye bakuli, na nakuambia kila mtu alilisikia. La pili. Halafu ukawa uzi mwembamba. Maji yalikuwa safi kabisa, na tulikuwa tumeyaona yakiingia na vumbi.

Muuza ming'oko akachungulia bakuli. "Mwalimu, ulimimina madumu mangapi? Mengine yako wapi?"

"Mchanga umeyashika. Utayatoa polepole."

"Mchanga mwizi," akasema yule mama, lakini kwa sauti ya mtu aliyeridhika.

Mwalimu akaeleza. Uwanda wetu wote ni pipa hilo. Mvua inaingia juu, inazama, inazama, mpaka inakutana na udongo mgumu usiopitisha, kisha inatambaa pembeni na kutokea kwenye ubavu wa mteremko. Chemchemi zetu ndizo tundu la pipa. Mke wangu alisikiliza, bakuli mapajani.

"Kwa hiyo mvua ya uani kwangu," akauliza, "inatokea pale nilipokuwa nikichota?"

"Hapo, au karibu na hapo."

Maji ya bakuli alikunywa nusu, nusu akanipa mimi.

Mwalimu akatangaza kwamba mwezi ujao hakutakuwa na meza. Tutateremka wote kwa miguu, familia nzima nzima, tukague matabaka ya ardhi njia nzima mpaka kwenye chemchemi yenyewe. Tukiwa njiani kurudi nyumbani mke wangu akaniambia, kama mtu anayeomba chumvi, "Na mimi nitakwenda."

Nilimtazama nyonga. Akaona ninapotazama. "Ndiyo, na hiyo nayo itakwenda," akasema.

Mwezi ule mzima hakuzungumza kitu kingine. Alikuwa akiniuliza ule mkwaju wa kwenye kona bado upo, ule mwamba wa kupumzikia bado upo, wanawake siku hizi wanachotea upande gani. Mimi nilipita pale kila siku na sikuwahi kuona kama kuna cha kusimulia. Yeye alipaacha zamani na alikuwa anapajua jiwe kwa jiwe. Nikatambua kwamba asipoteremka safari hii hatateremka tena, na yeye alikwisha kulitambua hilo kabla yangu.

Lakini mke wa huku si wa mumewe peke yake. Ana mjomba wake. Mjomba alipopata habari alikuja na kanzu yake, akakaa, akakataa kahawa. Hiyo peke yake ilitosha kujua.

"Shikamoo mjomba," nikasema.

"Marahaba. Nimesikia unampeleka binti yangu bondeni kwenye mchezo wa mwalimu."

"Anataka mwenyewe, mjomba."

"Mtoto akitaka moto utampa? Kuteremka atateremka, hata jiwe linateremka. Atapanda na nini? Au mtamwacha huko huko tuje kufanya matanga bondeni?"

Mke wangu alikuwa amekaa mkekani, kichwa ameinamisha kama heshima inavyotaka. Alinitazama mimi tu, mara moja.

"Nitampandisha mimi," nikasema.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa baiskeli iliyopandisha maji ya chai yako, mjomba, tangu mashine ilale. Haijawahi kumwaga tone. Haitamwaga huyu."

Mzee akageuza uso kwa mpwa wake. "Unatafuta nini huko? Maji mume wako anakuletea mlangoni."

Ndipo akasema, akiwa bado ameinama. "Mjomba, nataka kupaona. Nilichotea hapo na mama. Sikupaaga."

Mama yake alikuwa dada wa huyo mzee, na alikuwa amekufa siku nyingi. Mjomba akavuta kikombe cha kahawa alichokuwa amekikataa, akanywa. Tukajua amekubali.

Jumamosi ile tuliteremka kama msafara wa harusi. Watoto mbele wanakimbia, mwalimu na jembe la mkono nyuma yao, wanawake na ndoo zao, maana hakuna mwanamke wa huku anayeteremka bondeni mikono mitupu, sayansi au si sayansi. Mke wangu alitembea mwenyewe, fimbo mkono mmoja, bega langu mkono mwingine, na shemeji nyuma yetu anaizuia baiskeli kwa kamba isitupite. Mwalimu alisimama kila mahali ukuta wa njia ulipobadilika rangi. Hapa mwekundu, shikeni. Hapa umepauka, shikeni. Hapa ni jiwe la mchanga, lisugueni muone linavyorudi kuwa mchanga. Watoto walishika na kujipaka. Mke wangu alishika kila tabaka. Nilimwona akiweka kiganja ukutani na kukiacha hapo, kama unavyompima mtoto homa.

Karibu na chini ukuta ulikuwa na unyevu, na chini yake mfinyanzi wa kijivu, unateleza. Mwalimu hakueleza kitu. Muuza ming'oko akasema, "Huu ndio ule mfinyanzi wa pipa," na watu wakaitikia kama dua.

Chemchemi ilikuwa vile vile, shimo la kina cha goti, maji yanachipuka kutoka ubavuni mwa mlima. Waliokuwa wakichota walimtambua, wakamwita dada, wakampisha. Akakaa kwenye jiwe la ukingoni, akaingiza mkono mpaka ndani kabisa, pale maji yanapotokea. Akakaa hivyo.

"Mwalimu," akasema, "haya ya leo ni ya mvua ya lini?"

Mwalimu akavua miwani akaifuta kwa shati. "Sijui, mama."

"Kadiria."

"Kweli sijui. Pipa letu lilikuwa dogo na lilitusubirisha mpaka adhuhuri. Huu mlima umeuona mwenyewe. Yanaweza kuwa ya miaka michache iliyopita. Yanaweza kuwa ya zamani, wewe ukiwa mdogo."

"Mama yangu akiwa hai?"

"Inawezekana."

Akachota kwa viganja, akanawa uso. Hakulia, wala hakufanya mbwembwe. Akachota tena, akanywa, akaniambia na mimi ninywe. Mtoto wa mtu akauliza kwa nini bibi ananawa maji ya kunywa, mama yake akamziba mdomo.

Kupanda nilimweka kwenye keria, miguu upande mmoja, nikasukuma. Shemeji alivuta kamba mbele. Kwenye kila kona kulikuwa na mtu wa kutuchamba.

"Mmakua leo amejaza dumu kubwa."

"Angalia lisipasuke, halina mfuniko hilo."

"Mfuniko ninao mwenyewe," mke wangu akawajibu kutoka juu ya keria, "nyie midomo yenu ndiyo haina." Walicheka mpaka wakaweka ndoo chini. Mimi pumzi ya kucheka sikuwa nayo. Nimebeba mizigo mingi maishani na huo ndio niliotamani njia iwe ndefu zaidi.

Juu, mjomba alikuwa amesimama mwanzo wa njia na kanzu yake, anajifanya anapita tu.

Kabla ya masika yaliyofuata nilijenga tangi na kununua magata ya pande zote mbili. Nilipomaliza upande wa magharibi na kuhamisha ngazi, mke wangu akatoka nje na fimbo yake.

"Upande huu uache," akasema.

"Niuache kwa nini? Maji yanapotea."

"Yanapotea kwenda wapi? Ulikuwa umelala siku ya pipa?"

"Mama, tangi halitajaa upesi."

"Nusu itatutosha, na nusu ishuke. Kuna mtu atakuja kunawa uso siku moja."

Nikateremka kwenye ngazi. Mvua ya kwanza ilipopiga alitoka akasimama chini ya ule upande wa mashariki, kama alivyofanya kila mwaka tangu nimjue, mikono amekunjua, kanga imemganda mwilini. Maji yalitiririka kutoka kwenye bati, yakampitia, yakaingia mchangani miguuni pake. Nilimwambia ataugua. Akaniambia niingie ndani kama naogopa.

Jumamosi za mwalimu hazikudumu. Kibanda cha video kilijengwa pembeni ya ule uwanja, watu wakawa wanalipa kuona watu wa mbali wakipigana. Mwalimu aliendelea na meza yake misimu kadhaa, kila mara watu wakipungua, halafu macho yakamsumbua, wanawe wakamchukua. Sasa hivi vijana wana simu na kila kitu kimo humo, wananiambia. Inawezekana. Sijaona simu iliyokaa na mtu toka asubuhi mpaka adhuhuri kusubiri tone moja.

Mke wangu alifariki, na mjomba wake kabla yake. Maji siku hizi yanakuja tena kwa bomba, yanasukumwa kutoka huko huko bondeni. Kila asubuhi nafungua koki ya uani, nakinga kwa viganja, nanawa uso kabla sijaswali. Bado ni mapema, najua. Mwalimu mwenyewe alisema hajui, na mimi nilishika ule ukuta, naujua urefu wake. Yale yaliyompitia siku ile huenda hayajafika hata katikati. Lakini yako njiani.

Kwa hiyo wanangu, gata halitawekwa. Na siku nitakapokuwa sipo, fundi akirudi na bodaboda yake, mpeni chai.